Upanga wa Jaladani

Jalada la toleo la kwanza la *La difesa della razza* ("Ulinzi wa Mbari"), jarida la kibaguzi la Italia ya kifashisti lililotoka Roma Agosti 1938, lina vichwa vitatu: sanamu ya kale, kinyago cha kumdhihaki Myahudi, na mwanamke wa Kiafrika. Upanga unakitenga kichwa cha kwanza na vile viwili. Ndani ya jarida waliandika wanasayansi, kwa lugha ya kisayansi.

Ubishi kuhusu majarida ya wasomi katika siasa kali za mrengo wa kulia ni wa siku nyingi. Wapo wanaoyaona kuwa ndiyo jiko linalopika kila kitu. Wengine wanasema ni kelele za watu wachache wanaosomana wenyewe kwa wenyewe.

Hawa wa pili wana hoja. Mussolini, mtawala wa kifashisti wa Italia, aliivamia Ethiopia mwaka 1935, kabla jarida lile halijazaliwa, na lilipozaliwa lilikuwa linalelewa na dola. Ufaransa nako, mwandishi Alain de Benoist na wenzake walianzisha kundi la wasomi wa mrengo wa kulia, GRECE, mwaka 1968 wakiwa na jarida la *Nouvelle École*, kisha likaja *Éléments* mwaka 1973. Walijifunza kwa Gramsci, mkomunisti, kwamba utamaduni hushikwa kwanza, serikali baadaye. Hata hivyo de Benoist hakuwa mtu wa Jean-Marie Le Pen, kiongozi wa chama cha mrengo mkali wa kulia, Front National, na sioni kwamba wengi wa wale waliokipigia kura chama hicho miaka ya 1980 walikuwa wasomaji wake. Aliyefungiwa kiwanda hahitaji insha ndefu ili akasirike.

Lakini kuhesabu wasomaji ni kupima kitu kisichostahili kupimwa. Kazi ya jarida la namna hii ni kutafuta maneno. Baada ya 1945 mtu hakuweza tena kusimama hadharani Ulaya na kutamka kwamba damu yake ni bora kuliko ya jirani, halafu akaheshimiwa. Wanaharakati walihitaji msamiati usionuka. Ndipo likaja neno "haki ya kuwa tofauti": kila jamii na utamaduni wake, kila mmoja alinde wake. Lisome tena taratibu. Halimtukani mtu, na msomaji wa Kiafrika aliyechoshwa na kudharauliwa kwa mila zake anaweza hata kulipenda. Sasa uliza mtoto wa Waalgeria aliyezaliwa Lyon akae wapi. Jibu linakurudisha kwenye ule upanga wa jaladani, ila safari hii umefichwa alani.

Kutoka duru hizohizo ilichipuka Club de l'Horloge, klabu ya wanafikra wa mrengo wa kulia, mwaka 1974. Mwaka 1985 ikatoa kitabu kuhusu "upendeleo wa kitaifa", yaani raia watangulizwe mbele ya wageni, na Front National ikaufanya kuwa sera yake. Mpiga kura hakulazimika kusoma. Alisoma mwandishi wa hotuba, na hiyo ilitosha. Kwa hiyo, ukiniuliza mimi, nitakuwa karibu zaidi na wale wa jikoni, japo wanakosea wanapodhani chakula huiva siku hiyohiyo.

Je, majarida haya yafungwe? Ujerumani ilijaribu Julai 2024, ikalipiga marufuku *Compact*, jarida la mitaani zaidi kuliko la wasomi. Mahakama ya Leipzig ikaisimamisha marufuku hiyo mwezi uliofuata, na Juni 2025 ikaifuta kabisa. Naelewa hofu ya serikali. Nchi ile inajua maneno yanaweza kuishia wapi. Lakini marufuku inayoangushwa mahakamani inamwachia mhariri ushindi wa kutembea nao nchi nzima, huku msamiati wake ukiwa haujajibiwa hata neno moja.

Tena jarida lile la Roma lilikufa mwaka 1943 pamoja na utawala uliolilea. Katibu wake wa uhariri, Giorgio Almirante, hakufa nalo. Mwaka 1946 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa MSI, chama cha warithi wa ufashisti, na alikiongoza kwa vipindi viwili, cha mwisho kikianza 1969 na kuishia 1987.