Suzanne Vega na albamu ya nyimbo zilizotoroka

Mwaka 2009 hivi, mtaani kwetu kulikuwa na kibanda cha kuingiziwa nyimbo kwenye simu. Unampa jamaa memori kadi yako, unamtajia unazozitaka, anakujazia, na ikibaki nafasi anakuongezea za kwake ambazo hata hukuziomba. Basi mimi katika hizo za nyongeza nikakuta mdada wa Kizungu anaimba peke yake, hakuna ngoma, hakuna gitaa, hakuna kinanda, sauti tu kavu kama mtu anajiimbia jikoni, na faili limeandikwa "track 01" halafu basi. Chini yake kulikuwa na faili lingine, sauti ni ileile, maneno yaleyale, ila safari hii kuna biti nzito inatembea polepole na yule dada anaimba "du du du" tangu mwanzo. Nilikaa miezi nikiamini ni watu wawili, mmoja kamuiga mwenzake.

Kumbe ni mtu mmoja, Suzanne Vega, wa New York, na wimbo ni Tom's Diner. Na hadithi ya jinsi hayo mafaili mawili yalivyozaliwa ndiyo inayonifanya leo niseme kwamba Tom's Album ya mwaka 1991, mkusanyiko wa matoleo ya wimbo huohuo yaliyofanywa na watu wengine, ambayo watu wengi wanaichukulia kama makombo, kwangu ina thamani kuliko albamu yoyote ya hits zake.

Tuanze na wimbo wenyewe. Vega aliutunga mwanzoni mwa miaka ya 80, anamzungumzia mtu amekaa asubuhi kwenye mgahawa, anaagiza kahawa, anaangalia wanaoingia na kutoka, nje mvua inanyesha. Hakuna kingine kinachotokea humo. Mgahawa wenyewe upo kweli, Tom's Restaurant, kona ya Broadway na mtaa wa 112 kule Manhattan. Mwenyewe ameshaeleza kwamba kichwani alikuwa anausikia na piano, lakini piano hajui kupiga na hakuwa na mpigaji wa karibu, kwa hiyo akauimba hivyohivyo mkavu. Mwaka 1987 akafungulia nao albamu yake ya Solitude Standing, ile yenye wimbo wake maarufu wa Luka. Hebu fikiria ujasiri huo, mtu anaweka sahani mpya kwenye mashine na kitu cha kwanza anachosikia ni pumzi ya mwimbaji. Ukivaa hedifoni unamsikia kabisa anavyovuta hewa kabla ya mstari, na kale kasehemu ka "du du du" kenyewe alikaweka mwishoni kabisa, kama mtu anaondoka mgahawani huku anajiimbia.

Sasa mwaka 1990 vijana wawili wa Uingereza waliojiita DNA wakauchukua. Hawakuomba ruhusa kwa mtu. Wakachukua sauti yake, wakailaza juu ya biti ya kundi la Uingereza la Soul II Soul, wakakachukua kale ka "du du du" ka mwishoni wakakafanya ndiyo kiitikio, wakatoa santuri zao za chinichini kwa jina la "Oh Suzanne" na zikaanza kupigwa kwenye kumbi za disko. Hapo ndipo kwa kawaida wanasheria wanaitwa. Lebo yake, A&M, ingeweza kuwashtaki na ingeshinda asubuhi tu. Lakini Vega aliusikiliza akaupenda, na lebo badala ya kwenda mahakamani ikaununua ule mchanganyo na kuutoa rasmi. Ukafika namba 2 Uingereza na namba 5 Marekani! Wimbo ambao miaka mitatu nyuma ulikuwa ni wa kufungulia albamu tu.

Baada ya hapo ndo mlango ukafunguka, kila mtu akawa na Tom's Diner yake. Mwingine akaugeuza kuwa wa yule jini wa kike wa kwenye kipindi cha zamani cha TV cha Marekani, mwingine akatia maneno ya vita vya Ghuba, rapa Nikki D akachana juu yake kisa cha binti ambaye mbele ya baba yake ni malaika na nje ni mtu mwingine. Bendi ya rock ya Marekani, R.E.M., nao wakiwa wamejificha kwenye jina bandia, wakaupiga jukwaani London wakiwa na mwimbaji wa Uingereza Billy Bragg. Ni kama kuku aliyefungua banda vifaranga vikatawanyika mtaa mzima.

Na Vega akafanya nini? Akavikusanya. Hiyo ndiyo Tom's Album, humo kuna ule wa DNA, kuna hao wengine, na ndani yake kuna hata ule wa reggae wa Michigan & Smiley ambao mimi naurudia sana. Kila aliyehusika jina lake lipo. Mtu ambaye juzi alikuwa mwizi wa sauti leo yumo kwenye kava la albamu ya mwenye sauti. Mi naona hiyo ni heshima ya hali ya juu, na pia ni akili, maana hits unazozikusanya zinakuonyesha msanii alipofanikiwa, lakini mkusanyiko kama huu unakuonyesha wimbo una mifupa gani. Ukiusikia wimbo mmoja umebeba jini, vita, binti wa watu na rege halafu bado unautambua, hapo unajua mtunzi alitunga kweli.

Halafu kuna hii ya MP3, ambayo nilipoijua nilisimama nikazunguka chumba kizima. Kule Ujerumani, taasisi ya Fraunhofer, mhandisi anaitwa Karlheinz Brandenburg alikuwa na wenzake wanatafuta njia ya kuukandamiza muziki uwe faili dogo. Akaukuta huu wimbo, ule mkavu. Sababu ni kwamba sauti ya mtu ikiwa peke yake haina pa kujificha, kosa dogo tu sikio linalikamata, na mwanzoni mashine yao ilimharibu Vega vibaya sana. Kwa hiyo akawa anaurudia na kuurudia, anarekebisha, anasikiliza tena, mpaka sauti ikatoka kama sauti ya mtu. Ndo maana Vega wanamwita mama wa MP3. Sasa rudi pale kibandani kwetu. Memori kadi nzima imejaa MP3, bongofleva, taarab, kwaya, zote zimepita kwenye mlango uliochongwa kwa koo la huyu dada, na yeye mwenyewe yumo kwenye kadi hiyohiyo, "track 01", hana hata jina.

Hilo la kukosa jina ndo linaniuma. Nikimfikiria Vega siachi kufikiria ule wimbo wa Malaika. Fadhili William aliurekodi miaka ya mwanzo ya 60, Miriam Makeba na Harry Belafonte wakauimba kwenye sahani yao ya 1965 iliyochukua Grammy, Boney M wakauimba 1981, Angélique Kidjo 1991. Na mpaka leo watu wanabishana nani aliutunga, wengine wanamtaja Adam Salim, na Fadhili alishafariki 2001. Watoto wa Malaika ni wengi na wazuri kweli, ila hakuna mzazi aliyepewa nafasi ya kuwaita nyumbani, akakaa nao, akasema huyu wa kwangu, na huyu, na huyu. Ukitaka kuwasikia inabidi uzurure mwenyewe.

Na msidhani Vega kila kitu kilimnyookea. Rekodi zake zenyewe za miaka ile, masta, hakuwa anazimiliki. Kati ya 2010 na 2012 ikabidi aingie studio aimbe nyimbo zake upya, sauti na gitaa zaidi, akazitoa kwa mafungu manne kwa jina la Close-Up kwenye lebo yake mwenyewe. Yaani akajiimbia kava zake. Sauti imeshuka kidogo, imekomaa, na baadhi ya nyimbo napenda hizi kuliko za mwanzo.

Kama hujawahi kumsikia nakuomba usianze na DNA. Anza na ule mkavu, usiku, watu wakiwa wamelala, simu umeiweka mbali. Subiri mpaka pale mwishoni anapoacha maneno na kuanza "du du du". Sikiliza jinsi anavyokaimba taratibu bila haraka yoyote, mpaka kanaisha. Ndo uingie sasa kwenye Tom's Album.