Pipa la Taka na Mchango wa Ulinzi

Juma lililopita nilirudi nyumbani kwangu Reading, Uingereza, baada ya siku nne za kazi mji mwingine, nikakuta pipa langu la taka, ambalo nilikuwa nimeliacha kando ya barabara, limesogezwa hadi ubavuni mwa nyumba. Aliyelisogeza ni bibi wa nyumba ya pili, ambaye kwa miaka mitatu hajaweza kulitamka jina langu. Aliniambia, huku akiendelea kumwagilia maua yake, kwamba pipa likibaki nje siku mbili baada ya gari la taka kupita, mwizi hahitaji kuuliza kama mwenyewe yupo.

Kwenye nguzo ya taa mtaani kwetu pana kibandiko cha mpango wa majirani kulindana, ambao kwa Uingereza ulianzia kijiji cha Mollington, Cheshire, mwaka 1982. Wanachama wake hawashiki rungu wala hawakeshi lindoni. Wanatazama, kisha wanatoa taarifa.

Nikaikumbuka Tabata, kwetu Dar es Salaam. Kijana wa ulinzi shirikishi hugonga geti kila mwezi akiwa na daftari, mama hutoa mchango, na usiku filimbi hulia mara moja, mnamo saa sita, kisha kimya hadi adhana ya alfajiri. Sisi tuliolipa tumelala nyuma ya kuta zilizopandwa vipande vya chupa, na kukikucha tukaambiwa kwamba kwa jirani wamebeba televisheni na mtungi wa gesi, kila mmoja hukiri kuwa alisikia mbwa wakibweka.

Najua nitaambiwa kwamba baridi imenipanda kichwani, na kwamba huku ni rahisi kwa sababu polisi wana magari. Baiskeli yangu ilipoibwa sikumwona askari hata mmoja. Nilipewa namba ya kupeleka bima, basi. Wala sisemi kwamba Waingereza wanapendana kuliko sisi, maana huyo bibi hajawahi kunikaribisha hata chai.

Tena ulinzi wa majirani hatukufundishwa na Mzungu. Mwanzoni mwa miaka hiyohiyo ya 1980, wanakijiji wa Usukuma na Unyamwezi waliochoshwa na wizi wa ng'ombe walianzisha sungusungu, na babu yangu wa Kahama alikuwa mmoja wao: yowe likipigwa, kila mwanamume alitoka na upinde wake, na aliyebaki ndani alitozwa faini. Walikuwa na makosa yao, tena makubwa, kwa kuwa walipiga watu na wengine waliwaandama vikongwe kwa tuhuma za uchawi. Lakini hapakuwa na mtu aliyeweza kununua usingizi wake kwa risiti. Sisi wajukuu tumebakiza filimbi, na siku kibaka akinaswa tunajitokeza wote kwa dakika moja kama wale "wananchi wenye hasira kali" wa magazetini, ilhali mchana kutwa alipokuwa akizungukazunguka mtaani hapakuwa na aliyemuuliza anamtafuta nani.

Jumapili nilimpigia mama nikamuuliza jina la jirani wa ukuta wa pili. Alifikiri kidogo, akasema, "Yule mwenye gari jeupe?" Halafu akanikumbusha, mwanangu, kwamba sijatuma mchango wa ulinzi wa miezi miwili.