Kupenda na Kufiwa: Deni Hili Ni la Nani?

Mjini Goma, swali la kama inafaa kumpenda mtu kwa moyo wote ilhali kesho anaweza kuchukuliwa si la wanafalsafa peke yao. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, kuna familia zilizokimbilia Sake na nyingine zilizovuka kwenda Rwanda, na kesho yake UNICEF ikatangaza kwamba watoto zaidi ya 150 walikuwa wametenganishwa na jamaa zao. Tarehe 3 Oktoba 2024, mashua ya abiria iliyokuwa ikitoka Minova ilizama katika Ziwa Kivu mbele ya bandari ya Kituku, karibu na nchi kavu kiasi kwamba waliokuwa ufukweni waliiona ikipinduka. Mwishoni mwa Januari 2025, vita viliingia ndani ya mji wenyewe. Haishangazi, basi, kuwasikia vijana wakisema kwamba hawataki tena kushikamana na mtu kupita kiasi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Msimamo huo wa kujihadhari una uzito kuliko wanavyokubali wengi wanaoupinga kwenye vilio. Uchungu wa kufiwa hauishii kwenye hisia, bali huingia mwilini. Mwaka 1969, daktari wa magonjwa ya akili wa Uingereza, Colin Murray Parkes, alichapisha pamoja na wenzake matokeo ya kuwafuatilia wanaume 4,486 wenye umri wa miaka 55 na zaidi waliofiwa na wake zao, na ikaonekana kwamba katika miezi sita ya kwanza vifo vyao vilizidi kwa asilimia 40 vile vilivyotarajiwa kwa wanaume wa umri wao walio na wake. Hata wahenga wa mbali walikwisha kuliona jambo hili. Epictetus, aliyekuwa mtumwa kabla ya kuwa mwalimu, aliwafundisha wanafunzi wake wajikumbushe, wanapombusu mtoto, kwamba wanambusu kiumbe atakayekufa. Agostino wa Hippo, ambaye jina lake linajulikana vizuri katika parokia zetu, alipofiwa na rafiki wa ujana wake alijilaumu kwa kumpenda mtu wa kufa kana kwamba hangekufa kamwe.

Upande wa pili, jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba kumbukumbu njema hufidia hasara. Mimi naliona jibu hilo kuwa dhaifu. Mjane anayefungua simu na kukutana na sauti ya marehemu ikimwuliza kama amefika nyumbani salama hapati fidia yoyote kwa wakati huo. Kinachompata ni kilio kipya, na huenda ikapita miaka kabla sauti ile haijawa faraja. Ushahidi ulio imara zaidi unatoka kwingine kabisa. Mwaka 1945, daktari wa magonjwa ya akili René Spitz alieleza hali ya watoto wachanga waliolelewa katika makao ya watoto, ambako walilishwa na kuoshwa ipasavyo lakini hawakuwa na mtu wa kuwabeba na kuwachekea. Zaidi ya theluthi moja ya aliowafuatilia walifariki kabla ya kutimiza miaka miwili. Kwa hiyo anayejinyima mapenzi ili asiumie hajatoka hatarini. Amechagua hatari nyingine, ambayo huua polepole na haitangaziwi msiba.

Hata hivyo, kosa kubwa la hoja ya kujihadhari, kwa maoni yangu, ni kudhani kwamba ukubwa wa huzuni hufuata ukubwa wa mapenzi. Mwaka 2002, mwanasaikolojia George Bonanno na wenzake walichapisha utafiti uliowafuatilia watu 205 wa makamo na wazee wa eneo la Detroit, Marekani, tangu wenzi wao wakiwa hai hadi miezi 18 baada ya msiba. Karibu nusu yao waliumia bila kuvunjika, na haikuonekana kwamba hao walikuwa na ndoa baridi au mioyo migumu. Waliozama katika huzuni isiyoisha walikuwa, zaidi ya wengine, wale waliowategemea wenzi wao kupita kiasi tangu mwanzo. Ni kweli kwamba wazee wa Detroit si mama wa miaka 27 wa mtaa wetu wa Ndosho mwenye watoto wanne, wala utafiti wa mji wenye amani hauwezi kuhamishiwa hapa mzimamzima. Lakini tofauti inayojitokeza humo, kati ya kupenda na kutegemea, inatusaidia kuona jambo ambalo kwetu hufichika nyuma ya machozi.

Tuangalie kilio kinavyokwenda. Turubai linafungwa juu ya barabara, viti vya plastiki vinapangwa juu ya mawe meusi ya volkano, mtu mmoja anashika daftari la michango, na wanawake wanalala kwenye mikeka pamoja na mjane ili asibaki peke yake usiku. Kwa siku hizo chache uchungu wake unabebwa na wengi, na hakuna atakayethubutu kumwambia kwamba alikosea kupenda. Turubai likishafunguliwa na viti kurudishwa, hufika wakati wa maneno mengine: ndugu za marehemu wanauliza karatasi za kiwanja ziko wapi, pikipiki ibaki kwa nani, na watoto watalelewa upande gani. Sheria ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inamhesabu mwenzi aliyebaki kuwa miongoni mwa warithi na kumpa haki ya kuendelea kutumia nyumba waliyokaa, lakini mwanamke ambaye ndoa yake haikuandikishwa serikalini ana shida kubwa ya kuidai haki hiyo. Anapolia mwezi wa tatu katika chumba cha kupanga, tunasema analia kwa sababu alimpenda sana mumewe. Sehemu ya machozi hayo ni ya nyumba aliyoporwa, na si haki kuyaandika yote kwenye hesabu ya mapenzi.

Hapa ndipo ninapoegemea: kupenda kunastahili, kwa sababu uchungu ulio wa mapenzi yenyewe, ingawa ni mkali, watu wengi huweza kuubeba wenzao wanapowasaidia. Unaovunja zaidi ni ule unaoongezwa na shemeji, na umaskini, na bunduki.

Kuna hali moja ambapo mizani hii inanitetemeka mkononi, nayo ni ya aliyepotea bila maiti. Mtafiti wa Marekani, Pauline Boss, ameuchunguza kwa miongo kadhaa msiba wa namna hii, ambamo mtu hayupo lakini hakuna anayeweza kusema amekufa. Mke wa mwanamume aliyetoka nyumbani siku za mapigano na asirudi hawezi kukaa kilio wala kuolewa tena, na akipiga ile namba ambayo haipatikani hajui kama anamtafuta mume au anamsumbua marehemu. Kwake yeye, ushauri wa kutopenda sana una nguvu kuliko kwa mtu mwingine yeyote, na sina jibu la kumtuliza. Ninachoweza kusema ni kwamba hata huko kinachomtesa si kumpenda tu, bali kutoarifiwa. Msalaba Mwekundu hupokea maombi ya kuwatafuta waliopotea, lakini hauwezi kutoa jina ambalo halikuandikwa popote. Aliyefukia maiti bila kuandika jina, na anayemshikilia mtu bila kuijulisha familia yake, ndio wanaodaiwa sehemu kubwa ya machozi haya.