Kabla hujaigeuza logo kuwa JPG, uliza inaenda wapi

Jamani hili la logo na JPG limenichosha. Ukikaa steshenari yoyote pale Darajani utalisikia kutwa: mteja kaja na faili la SVG au EPS, simu yake haifungui, anataka "nigeuzie tu iwe picha ya kawaida". Fundi anaingia saiti ya bure, anabonyeza, inashuka, anapokea hela yake, basi. Hakuna aliyeuliza hio picha inaenda kuchapwa wapi.

Mie naona tatizo liko hapo khasa. Vekta, yaani hizo SVG na EPS, ni maelezo tu, mstari uanzie hapa, upinde hivi, rangi hii ijae humu, kwa hio ukiiweka kwenye kadi ya harusi au ubavuni mwa daladala kompyuta inaichora upya na inabaki kali vile vile. JPG ni pikseli, vile vidoti vya rangi, zishahesabiwa zikafungwa. Ukigeuza ndo ushachagua saizi, baadae ukiivuta inatoa ukungu. Inkscape kwa mfano, programu ya kuchorea vekta, inahesabu inchi moja pikseli 96, kwa hio A4 ukiitoa hivo hivo bila kugusa kitu unapata kama 794 kwa 1123, kwenye simu inapendeza, kwenye karatasi utalia. Weka pikseli 300 kwa inchi upate 2480 kwa 3508. Bango la mita mbili halihitaji 300, watu wanalisoma toka ng'ambo ya barabara, 100 inatosha, lakini hata hio 100 ni pikseli karibu 7,900 kwa upana!

Halafu JPG yenyewe ilitengenezwa kwa picha za kamera, mambo ya 1992 hayo, inakata picha vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kutupa kile ambacho jicho haligundui sana. Picha ya machweo pale Forodhani huoni tofauti. Ila chukua logo ya jahazi yenye maandishi mekundu juu ya cheupe, ikuze, utaona pembeni ya kila herufi kuna uchafu uchafu kama vumbi. Na JPG haina uwazi, yaani nyuma ya nembo haiwezi kubaki tupu, ndo maana fulana za buluu za timu zetu za mtaani zina kile kiboksi cheupe nyuma ya nembo (mie siku hizi nakiona kabla sijaona mpira). Kwa logo toa PNG, inabeba uwazi na haitupi kitu, na ukituma WhatsApp itume kama dokumenti, sio picha, vyenginevyo inabanwa tena njiani.

Sasa nyie madizaina. Wapo wanaotoa JPG tu makusudi ili mteja arudi kila akitaka bango, na wapo wabaya zaidi, wanachomeka JPG ndani ya faili la SVG wanasema hii vekta, ukizumu tu pikseli hizo zinakuchungulia. Mtu kalipia logo, mpe na vekta yake. Najua mtasema ataiharibu, sawa, geuza maandishi yawe michoro kabla hujampa, fonti haitoruka hata akifungua kompyuta nyengine Chake Chake huko, na kama unataka hela ya faili ungeiweka kwenye bei tokea mwanzo.