Roxburgh: Je, Waskoti Walikosea Kuibomoa Ngome Yao?

Kati ya mito Tweed na Teviot, karibu na mji wa Kelso kusini mwa Uskoti, kuna kilima chenye matuta ya udongo yaliyoota nyasi na vipande vichache vya kuta. Hayo ndiyo mabaki ya Roxburgh, ngome ya kifalme alimozaliwa Mfalme Alexander wa Tatu mwaka 1241. Ni rahisi kudhani kuwa Waingereza ndio walioiangamiza, kumbe walioibomoa, tena mara mbili, ni Waskoti wenyewe.

Mara ya kwanza ilikuwa 1314, baada ya kamanda Mskoti James Douglas na watu wake kuiteka usiku kutoka kwa Waingereza kwa ngazi za kamba. Sababu ya Mfalme Robert Bruce kuamuru ibomolewe inaeleweka: kikosi kidogo cha adui ndani ya kuta imara kingeweza kulidhibiti jimbo zima, ilhali Waskoti hawakuwa na zana za kutosha za kuzingira ngome. Hata hivyo Waingereza walirudi, wakaijenga upya, na kuanzia 1346 wakaishikilia kwa zaidi ya miaka mia moja. Ngome ya Edinburgh nayo ilibomolewa mwaka huohuo wa 1314, lakini ikaja kujengwa tena na Waskoti na ipo hadi leo. Kwa hiyo kubomolewa peke yake hakutoshi kueleza kutoweka kwa Roxburgh.

Uamuzi wa 1460 ndio unaobishaniwa zaidi. Tarehe 3 Agosti, James wa Pili, mfalme wa Uskoti aliyependa mno mizinga, aliuawa na mzinga wake mwenyewe uliopasuka wakati akiizingira ngome hiyo. Siku chache baadaye ngome ikatekwa, kisha ikabomolewa. Wanaoulaumu uamuzi huo hutaja mji wa Roxburgh uliokuwa chini yake, mmojawapo wa miji mikubwa ya biashara nchini tangu karne ya 12, ambao sasa hauna hata nyumba moja iliyosimama. Lawama hiyo naiona imezidi, kwa kuwa mji huo uliishi kwa sufu iliyosafirishwa kupitia bandari ya Berwick, na vita vilikuwa vimeudhoofisha tangu zamani.

Hoja yao nzito ni nyingine: mwaka uliofuata, 1461, Berwick ilirudi mikononi mwa Waskoti na kubaki kwao hadi 1482. Kama ngome ingalikuwapo, huenda biashara ingalipata ulinzi na mji ukafufuka. Lakini hilo halikuonekana Agosti 1460, mfalme mpya akiwa mtoto na mpaka ukiwa hatua chache tu kutoka pale. Kulisha na kulipa askari wa kuilinda ngome hiyo kungekuwa mzigo kwa malkia mjane.

Waingereza walirudi tena 1547, wakajenga boma dogo ndani ya magofu, kwa sababu thamani ya kilima ilikuwa katika mahali kilipo. Tofauti ni kwamba safari hii hawakukaa karne nzima: boma hilo liliondolewa kwa mkataba wa 1550.