Yuniti ya 31 ndiyo inayotuumiza

Ukikaa Busia upande wetu, haichukui muda kabla mtu akuambie stima ya Uganda ni ya bure. Ukishuka hadi Isebania, wanaovuka kwenda Sirare watakuambia hivyo hivyo kuhusu Tanzania na LUKU yao, yaani tokeni za stima za kwao. Maneno haya yameenea magharibi yote ya Kenya, na kwa kuwa kila mtu amechoka na bei ya tokeni, hakuna anayetaka kuyapima. Nimeyapima. Ya Isebania yako karibu na ukweli: si bure, lakini ni rahisi kweli. Ya Busia si kweli, ila ndani yake kuna jambo moja ambalo Wakenya tungepaswa kulidai leo.

Kampuni binafsi iitwayo Umeme ilisambaza stima Uganda tangu 2005 hadi mkataba wake ulipoisha Machi 2025, shirika la serikali la UEDCL likashika usukani. Bei ya nyumbani waliyoanza nayo ilikuwa shilingi 756.2 za Uganda kwa yuniti. Ukihesabu shilingi 28 zao kwa moja yetu, hiyo ni karibu shilingi 27 za Kenya, na ushuru wa VAT wa asilimia 18 bado haujaongezwa. Nchi yenye mabwawa ya Bujagali, Isimba na sasa Karuma ya megawati 600, yenye maji ya kutosha kuzungusha mitambo usiku na mchana, bado inamuuzia mwananchi yuniti ghali kuliko sisi. Kwa hiyo jirani yako wa Busia anayesema ni bure, labda aliona bili ya mtu anayewasha taa mbili tu.

Na huyo wa taa mbili ndiye ninayetaka tumwangalie. Uganda, yuniti 15 za kwanza za kila nyumba huuzwa shilingi 250, takribani 9 zetu. Nimesema kila nyumba. Ukitumia 16, zile 15 zinabaki na bei yake na unalipa zaidi kwa hiyo moja iliyozidi. Tena ukifika yuniti ya 81 hadi 150, bei inashuka mpaka 412, makusudi kabisa, ili watu waache makaa na wapikie stima. Serikali imekaa chini ikajiuliza inataka raia wafanye nini, kisha ikaiandika ndani ya bei. Hapo nawaheshimu.

Kwetu mambo yamepangwa kinyume. Natumia viwango vya EPRA, mamlaka inayopanga bei za nishati, vilivyoanza Aprili 2023, kwa sababu ndivyo vilivyoleta mgawanyo tunaoishi nao. Ukitumia yuniti zisizozidi 30 kwa mwezi, kila moja ilikuwa shilingi 12.22. Kati ya 31 na 100, ilikuwa 16.30. Zaidi ya 100, ilikuwa 20.97. Kabla ya hapo, kundi la bei nafuu lilikuwa linafika hadi yuniti 100. Likakatwa mpaka 30, na watu wengi walilijua hilo siku waliponunua tokeni ya pesa ile ile wakapata yuniti chache.

Lakini kukatwa kwa kiwango si ndiko kunakoniudhi zaidi. Kinachoniudhi ni kwamba ukivuka mstari, yuniti zako zote hupanda bei, pamoja na zile za mwanzo. Yuniti 30 ni shilingi 366.60. Yuniti 31 ni 505.30. Hiyo yuniti moja imekugharimu shilingi 138.70! Na kwa kuwa kundi lako hupangwa kwa wastani wa miezi mitatu, wageni wakija Desemba ukatumia sana, unaendelea kuwalipia hata baada ya kuwasindikiza steji.

Bei hiyo ni ya stima tupu. Tazama ujumbe wa tokeni kwenye simu yako: kuna kiasi ulicholipa, kuna kiasi kilichonunua stima, halafu kuna gharama nyingine. Humo mna VAT ya asilimia 16, asilimia 5 ya kusambaza stima vijijini, gharama ya mafuta, mabadiliko ya dola na tozo ya maji. Hiyo ya mafuta inatugusa sisi wa magharibi hasa. Mtambo wa Muhoroni, uliohamishwa kutoka Embakasi, unachoma mafuta kwa sababu bila huo stima ya huku inalegea, na gharama yake inalipwa na nchi nzima. Sawa. Na sisi tunawalipia wa Mandera dizeli ya jenereta zao, kwa maana bei ni moja kutoka Mandera hadi Migori. Hilo ni jema na lisiguswe.

Sasa Tanzania. Aliye katika kundi la D1, la watumiaji wadogo wa nyumbani, hulipa shilingi 100 za kwao kwa yuniti hadi yuniti 75, bei iliyokuwepo tangu 2016. Ukiweka VAT na tozo za REA (ya umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wao wa nishati), yuniti zote 75 ni shilingi 9,150. Kwa pesa zetu ni kama 460. Yuniti hizo 75 Uganda, na VAT, zinafika karibu 2,070. Kwetu, na VAT na ile asilimia 5 ya vijijini, ni kama 1,480 kabla ya mafuta na dola. Si kila Mtanzania yumo D1, na anayehamishiwa T1, kundi la kawaida, hulipa 292 kwa yuniti kabla ya tozo, karibu shilingi 15 zetu. Hata hiyo, wengi wetu tungeipokea kwa mikono miwili.

Lakini twende Kaptembwo hapa Nakuru, au Nyalenda kule Kisumu, tuone nani hasa anaumia. Ploti ya vyumba vinane, mita moja iliyosajiliwa kwa jina la mwenye ploti. Getini kuna karatasi: hakuna kutumia koili, hakuna pasi, hakuna hita. Kila chumba kina taa, redio, simu ya kuchaji, televisheni ndogo. Tuseme kila chumba kinatumia yuniti 20. Hawa wote ni watu wa kundi la chini kabisa. Kila mmoja angekuwa na mita yake angelipa 244.40. Lakini mita inaona mteja mmoja anayetumia 160, kwa hiyo kila yuniti ni 20.97, na kila chumba kinalipa 419.40. Mama anayeuza mboga analipa bei ya mwenye jumba la Milimani, na bado amekatazwa kupiga pasi sare ya mtoto. Hapo sijaongeza cha msimamizi wa ploti anayegawanya bili kwa kukisia.

Kwa hiyo habari ya nani ana bei rahisi kati ya majirani watatu hainitoshi. Mtu anaweza kutangaza shilingi 12.22 na isimfikie aliyekusudiwa.

Ninachotaka ni vitu viwili. Kwanza, yuniti 30 za kwanza ziwe 12.22 kwa kila nyumba, bila kunyang'anywa ukivuka, kama Uganda wanavyofanya na 15 zao. Mtu wa yuniti 75 angeokoa shilingi 122.40 kwa mwezi. Pesa hizo zitatoka wapi? Zitoke kwa wa juu ya 100, na mimi nimo humo mara nyingi, niko tayari. Pili, mita ya pamoja ihesabiwe kwa idadi ya vyumba inavyovihudumia, mpaka siku kila mpangaji atakapowekewa yake. Mwenye ploti aandikishe vyumba, wakaguzi waje wahesabu milango.

Bei za 2023 zilipangwa kwa kipindi cha hadi mwaka wa fedha wa 2025/26, na EPRA haiwezi kuweka nyingine bila kusikiliza wananchi. Vikao vya maoni vikija Nakuru na Kisumu, wapangaji wa Kaptembwo na Nyalenda waende na risiti za tokeni na majina ya vyumba vyote vinavyotumia mita hiyo moja, wazisome mbele ya wakubwa.