Picha ya mwindaji ni ushahidi wa nini?

Novemba 2011, kamera ya mwindaji iliyofungwa msituni kusini mwa Oregon, Marekani, ilimnasa mbwa mwitu wa kijivu akikatiza. Watafiti walimwita OR-7, na tayari walikuwa wamemvisha kola ya kufuatilia nyendo zake. Wiki chache baadaye alivuka mpaka akaingia California, jimbo ambalo mbwa mwitu wake wa mwisho kuthibitishwa aliuawa mwaka 1924. Tangu hapo picha za aina hii zimekuwa nyingi, Marekani na Ulaya, na hapa Dar es Salaam tunazipokea kwenye makundi ya WhatsApp pamoja na ubishi wake: mtu anayeingia porini na bunduki anaweza kuwa shahidi mwaminifu wa wanyama?

Ubishi huu unatuhusu. Sisi ni nchi ya vitalu vya uwindaji, yaani maeneo ya pori yanayokodishwa kwa kampuni za uwindaji, na kamera za mtego zinatumika humo. Msimamo wangu ni kwamba picha ya mwindaji ipokelewe kama ushahidi kwamba mnyama yupo. Idadi yake itafutwe kwa njia nyingine, na mahali alipoonekana pasitangazwe.

Wanaomtetea mwindaji wana hoja nzito. Yeye ndiye anayeshinda porini. Kamera yenyewe ni kisanduku cha rangi ya majani kinachofungwa kwa mkanda kwenye shina la mti, kina kihisio cha joto, na kikihisi kiumbe chenye joto kinachotembea kinapiga picha, usiku kwa mwanga usioonekana kwa macho ya binadamu. Chini ya picha kuna ukanda wenye tarehe, saa na nyuzi za joto. Huko Ujerumani, ambako watoto wa kwanza wa mbwa mwitu baada ya takriban miaka 150 walizaliwa Saxony mwaka 2000, ushahidi hupangwa kwa madaraja. Picha iliyo wazi hukaa daraja moja na vinasaba, na simulizi lisilo na kielelezo hukaa chini kabisa. Kwa hiyo mwindaji mwenye kamera si yule wa "niliona kwa macho yangu" tena.

Na sisi tunajua kamera inavyoweza kuona kilichowapita wengi. Mwaka 2005, kamera za watafiti katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, zilipiga picha sange (mnyama mdogo mwenye pua ndefu) mwenye uso wa kijivu ambaye sayansi haikumjua. Mwaka 2008 akatambuliwa rasmi kama spishi mpya. Ni mnyama wa gramu kama 700 hivi, anayetembea ardhini.

Wanaopinga wanauliza: kesi ya nyani umpe ngedere? Mwindaji ana maslahi. Akishindania swala na mbwa mwitu, kila picha kwake ni uthibitisho kwamba wamezidi. Hapa nakubaliana nao kwa kiasi kikubwa, na sababu ni ya kitaalamu. Mbwa mwitu wa kijivu mmoja anaweza kutembea makumi ya kilomita kwa usiku mmoja, akapita mbele ya kamera za watu watano, na manyoya yake hayana alama za kumtofautisha kirahisi na mwenzake. Hapo mnyama mmoja anahesabiwa watano. Huko hesabu zimeshakuwa siasa: Ulaya inakadiriwa kuwa na zaidi ya mbwa mwitu 20,000, na Desemba 2024 nchi za Mkataba wa Bern, unaolinda wanyamapori wa Ulaya, zilipiga kura kushusha kiwango cha ulinzi wao. Wisconsin, Marekani, Februari 2021, wawindaji walipewa mgao wa mbwa mwitu 119. Katika muda usiotimia siku tatu walikuwa wameua 218. Ukishaona hivyo, huwezi kumwachia mwindaji peke yake rejista ya idadi.

Lakini kwetu jambo hili lina sura nyingine ambayo sioni ikizungumzwa vya kutosha. Mbwa mwitu wetu wa madoa, wale wa Nyerere na Selous, ambao ni spishi tofauti na wa kijivu, hakuna wawili wenye mabaka yanayofanana. Chui naye ni hivyo hivyo. Picha moja safi ya ubavu inatosha kumjua mnyama kwa "jina", na ikilinganishwa na za mwaka uliopita inaonyesha kama bado yu hai. Ndiyo kusema picha ya mwindaji wa Kitanzania ina thamani kubwa kwa mtafiti kuliko ya mwenzake wa Saxony, mradi imfikie mtaalamu.

Tazama uwindaji wa chui. Kipande cha swala kinafungwa kwa waya kwenye tawi, kamera inaelekezwa kwenye tawi hilo. Mchana mwindaji bingwa anarudi, anachomoa kadi na kukagua: shingo nene, kichwa kipana, korodani. Sheria zetu zinaruhusu dume tu. Kwa simba kanuni inataka dume wa miaka sita au zaidi, kwa hiyo anakuza picha atazame manyoya ya shingoni na pua, ambayo hujaa weusi kadiri umri unavyosogea.

Jimbo la Arizona, Marekani, lilipiga marufuku kamera hizi kwenye uwindaji kuanzia Januari 2022, kwa hoja kwamba zinamnyima mnyama nafasi ya haki. Naielewa hoja hiyo, hasa kwa kamera zinazotuma picha kwenye simu papo hapo. Ila kuinakili hapa kungekuwa kosa. Ukimwondolea mwindaji kamera hujaondoa chambo wala bunduki. Umemwachia akadirie jinsia na umri kwa sekunde chache, jioni, mwanga ukififia, na atakayelipa ni chui jike au simba wa miaka minne.

Suala la mahali, kwangu halina mjadala mrefu. Picha yenye jina la korongo au kisima ikisambaa leo, anayetega waya au kutia sumu kwenye mzoga ameelekezwa njia. Ikae kwa wataalamu kwanza, na umma uoneshwe baadaye, kwa jina la wilaya tu.

Kuna pia watu. Kamera haichagui. Mama wa Mabwepande anayeokota kuni pembeni ya Pori la Akiba Pande anaweza kunaswa sawa na ngiri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 kuhusu hifadhi ya Corbett, India, ulionyesha jinsi kamera zilizowekwa kwa ajili ya wanyama zilivyogeuka kero na fedheha kwa wanawake wa vijijini. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Picha za watu zisitoke kwenye kadi hizo kwenda popote, isipokuwa kwa kesi halisi ya ujangili.

Ninachotaka kiwe sharti la kitalu ni hiki: mwisho wa msimu, picha zote za wanyama, waliouawa na walioachwa, zifike TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori) na TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori) zikiwa na tarehe na mahali. Wenye kampuni watasema kadi moja ina maelfu ya picha za nyasi zilizotikiswa na upepo, na ni kweli. Siku hizi kuna programu za kompyuta zinazochuja picha tupu, na vyuo vyetu vina wahitimu wa wanyamapori wanaotafuta kazi. Sehemu ya ada za vitalu iwalipe wao.